Amri ya mahakama ipo, polisi hawana habari nayo: nani wa kuifikisha?

Swali

Shikamoo mwanasheria. Naandika kutoka Tandahimba. Mdogo wangu alifungua shauri la talaka mahakama ya mwanzo kwa sababu ya kipigo. Shauri halijaisha, ila hakimu alishatoa amri kwamba mumewe asimfuate wala asimsumbue. Majuzi yule bwana alikuja usiku nyumbani kwangu, ambako mdogo wangu amejihifadhi, akagonga mlango na kusema asipofunguliwa atamkata panga. Alipoondoka tulikimbilia kituo cha polisi na ile karatasi. Askari wa zamu akasema hana taarifa ya amri hiyo, turudi mahakamani. Asubuhi karani akatuambia mahakama imeshamaliza kazi yake, kukamata ni kazi ya polisi. Ni nani alipaswa kuipeleka amri polisi? Na msimu wa korosho ukifika, mdogo wangu anakwenda Newala kwa mama mkubwa. Atahitaji amri nyingine kule?

Jibu

Marahaba, dada. Poleni sana, na umfikishie mdogo wako pole yangu. Kabla sijafika kwenye swali lako kuna jambo la haraka, ambalo naona limefunikwa na mabishano ya karatasi.

Mtu aliyesimama mlangoni usiku na kusema atamkata mtu panga ametenda kosa hata kama mahakama isingetoa amri yoyote. Kutishia kumdhuru mtu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Polisi hawahitaji amri ya hakimu wa talaka ili wapokee malalamiko hayo, waandike maelezo na wamtafute mhusika. Mlipofika kituoni mkaanza na karatasi, na askari naye akajibu kuhusu karatasi, panga likasahaulika. Kwa hiyo rudini kituoni kesho, msingoje tarehe ya shauri, mkafungue malalamiko ya vitisho. Ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Mdogo wako aandikishe maelezo yake, wewe uandikishe ya kwako kama shahidi uliyesikia kwa masikio yako, na jirani aliyeamshwa na kelele naye aje. Msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu kituoni. Na ikitokea siku yoyote mtu ameumia, ombeni PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, palepale mwende hospitali. Akiwa ameumia vibaya, matibabu yatangulie na fomu ifuate.

Mkiambiwa kuwa hayo ni ya mke na mume, nendeni mkayamalize nyumbani, jibuni kwa adabu kwamba kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Ni sheria ya tangu enzi za Mwalimu. Haikuletwa jana na wanaharakati, kama wengine wanavyopenda kusema.

Sasa swali lako. Amri aliyopewa mdogo wako ina mizizi kwenye kifungu cha 139 cha sheria hiyohiyo. Kinaipa mahakama uwezo, wakati shauri la ndoa likiendelea au baada ya hukumu ya kutengana au talaka, wa kumwamuru mtu aache kujilazimisha kwa mwenzi wake, au kwa aliyekuwa mwenzi wake, na aache vitendo vya kumsumbua. Ni kifungu kizuri, na kifupi mno. Hakisemi lolote juu ya polisi. Hakisemi nakala iende kituo gani, ndani ya muda gani, nani aibebe, wala askari afanye nini akiipokea. Tanzania Bara hatuna sheria mahususi ya ukatili wa majumbani ambayo ingeyajibu hayo. Karani aliyewajibu vile hakuwadanganya, na askari naye hakuwadanganya. Kila mmoja amesimama kwenye mpaka wa kazi yake, na mdogo wako ameachwa katikati.

Naliona hili kuwa kasoro kubwa, nami sitaki kulipamba. Mwanamke aliyepigwa, akapata ujasiri wa kushtaki, akasimama mbele ya hakimu na wakwe wakimtazama, hapaswi tena kugeuzwa tarishi wa mahakama. Lakini kwa hali ilivyo leo, kama hamkuipeleka ninyi, inawezekana kabisa isipelekwe na mtu. Amri ikabaki kwenye jalada, jalada likabaki kabatini.

Wenzetu wengine wameliandika jukumu hili kwenye sheria. Afrika Kusini, Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 1998 inamtwika karani wa mahakama: amri ikitoka, yeye ndiye anayepeleka nakala zilizothibitishwa kwenye kituo cha polisi alichokichagua mlalamikaji. Tena amri ile hutoka pamoja na hati ya kumkamata mhusika, ambayo utekelezaji wake umesimamishwa kwa masharti. Akiyavunja, mwanamke haanzi upya. Anakwenda polisi na hati yake, anaapa kueleza kilichotokea, na kazi ya kumkamata inaanzia hapo. Uingereza, kanuni za mahakama za familia zinataka nakala ifikishwe kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo anakoishi mwombaji, pamoja na maelezo yanayoonyesha kuwa mtu aliyezuiwa ameshakabidhiwa amri au kufahamishwa. Na tangu 2007 kuivunja amri ya aina hiyo ni kosa la jinai linalojitegemea. Marekani, tangu 1997, polisi wana kumbukumbu ya kitaifa ya amri hizi kwenye kompyuta, ili askari wa jimbo moja aweze kuiona amri iliyotolewa jimbo jingine. Majirani zetu Uganda walitunga sheria yao mwaka 2010, na Kenya mwaka 2015.

Hata hivyo, dada, karatasi kufika polisi hakumalizi mambo. Mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado huko Marekani, mama mmoja alikuwa na amri dhidi ya mumewe. Nyuma ya fomu yenyewe kulikuwa na maelekezo kwa askari kwamba watumie kila njia inayofaa kuitekeleza. Jioni moja mume aliwachukua mabinti zao watatu waliokuwa wakicheza nje. Mama alipiga simu polisi tena na tena, na baada ya saa sita usiku akaenda mwenyewe kituoni. Kila mara aliambiwa asubiri au hakusaidiwa. Kabla hakujapambazuka mume alifika kituoni akifyatua risasi, akauawa na askari, na watoto wote watatu wakakutwa ndani ya gari lake wameshakufa. Mama alishtaki. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kuwa katiba haikumpa haki ya kudai fidia kwa sababu polisi hawakuitekeleza amri. Ninakueleza habari hii nzito kwa sababu moja: amri ilikuwepo, polisi waliambiwa, na bado hakuna askari aliyeiona kuwa ni jukumu lake yeye. Ndiyo maana sitaki muiache karatasi kaunta na kuondoka. Nataka ipokelewe na mtu mwenye jina na cheo, na mapokezi yake yaandikwe.

Hebu tumtazame kwanza askari wa zamu, maana kumwelewa kutawasaidia kuliko kumlaumu. Ni usiku. Mbele yake kuna wanawake wawili wanaotetemeka, na karatasi ya fotokopi iliyokunjwa mara nne ikatunzwa kwenye pindo la khanga, muhuri umefifia, sahihi haisomeki. Hajui kama ni ya kweli. Hata kama ni ya kweli, hajui kama bado ina nguvu, kwa sababu huenda wanandoa walipatana na hakimu akaifuta. Na hata kama ina nguvu, hajui kama yule bwana ameshaambiwa rasmi kwamba amezuiwa, kwa kuwa mtu haadhibiwi kwa kuvunja amri asiyoijua. Akimkamata mtu kwa karatasi asiyoweza kuitolea maelezo, kesho anaulizwa yeye. Nia ya kumtetea kwa kuwafukuza sina. Alipaswa kuwasikiliza na kuandika vitisho. Ila mkiyajibu mashaka yake kabla hayajatokea, yaani mchana, kwa utulivu, kabla ya dharura, mtamwondolea sababu ya kuwarudisha.

Mnaanzia mahakamani. Ombeni nakala ya amri iliyothibitishwa, yenye muhuri unaosomeka, namba ya shauri, jina la mahakama, jina la hakimu na tarehe. Ombeni zaidi ya moja, maana mtazigawa. Kisha muulizeni karani swali hili: jalada linaonyesha nini kuhusu mume kuifahamu amri? Kama alikuwepo siku hakimu aliposoma uamuzi, mwenendo wa shauri utaonyesha alihudhuria, na hiyo inatosha kuwa ushahidi. Ombeni na ukurasa huo unakiliwe na kuthibitishwa. Kama hakuwepo, lazima awepo mtu aliyemkabidhi, awe msambaza nyaraka wa mahakama au, kama ilivyo kawaida huku kwetu vijijini, ofisi ya mtendaji, na lazima kuwe na karatasi iliyorudi ikiwa na sahihi au maelezo ya aliyemkabidhi. Kama karatasi hiyo haipo, hapo ndipo penye tundu. Ombeni akabidhiwe upya, safari hii kwa kumbukumbu.

Halafu isomeni amri yenyewe, neno kwa neno. Nimeona amri nyingi za mikoa hii yetu miwili, Mtwara na Lindi, zilizoandikwa kwa sentensi moja tu: mjibu maombi asimsumbue mwombaji. Hakimu anajua alichokusudia, lakini askari aliyekabidhiwa zamu hawezi kujua kama mtu kusimama barabarani mbele ya nyumba ni usumbufu au ni matembezi. Na majina nayo yanachanganya: mume ameandikwa majina mawili yanayofanana na ya nusu ya kijiji, wakati watu wote wanamjua kwa jina la utani. Mdogo wako ana haki ya kurudi mahakama ileile kuomba amri ifafanuliwe. Katika ombi lake anaweza kupendekeza maneno kama haya:

"Mjibu maombi, anayefahamika pia kwa jina la (jina la mtaani), asimkaribie mwombaji popote alipo, asiingie kwenye nyumba anayoishi, asimfuate shambani wala kwenye ghala la chama cha ushirika, na asimpigie simu wala kumtumia ujumbe, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine. Amri hii inaanza leo na itaendelea hadi shauri litakapomalizika au mahakama hii itakapoamuru vinginevyo. Nakala ipelekwe na mahakama kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi (jina la kituo) na kwa Dawati la Jinsia na Watoto, ambao watatoa msaada wa utekelezaji mwombaji atakapouhitaji."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo ninayoipigania katika kila shauri. Sheria haikumtaja wa kupeleka, lakini hakimu anaweza kuombwa amtaje. Ikishaandikwa ndani ya amri, karani hana tena nafasi ya kusema si kazi yake, na polisi wanapokea maelekezo ya mahakama badala ya ombi la mwanamke anayelia kaunta. Mahakimu ninaowafahamu hawaikatai wakiombwa. Tatizo ni kwamba hawaombwi, kwa sababu mwombaji amekwenda bila msaada na hajui kuwa kitu hicho kinaombeka.

Jambo la shamba nalo lisemwe wazi, hasa ninyi watu wa korosho. Ugomvi mwingi wa mke na mume huku kwetu unapamba moto minada inapoanza, kwa kawaida kuanzia mwezi wa kumi, pesa zinapoingia kwenye akaunti. Kama mikorosho ni ya wote wawili, au usajili kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ni wa jina la mume, amri inayosema asikaribie shamba bila maelezo zaidi itazaa vita: yeye atasema anaokota korosho zake, mdogo wako atasema amevamiwa, na askari atabaki kukuna kichwa. Hakimu aombwe aseme nani aokote upande gani, au nani asimamie mavuno hadi shauri liishe, na matunzo ya mdogo wako na watoto yatoke wapi kwa kipindi hicho. Amri iliyonyamaza kuhusu pesa huwa inavunjwa kwa kisingizio cha pesa.

Mkishapata nakala na maneno yaliyonyooka, ndipo mwende polisi, na mwombeni karani aipeleke kwa barua ya mahakama kupitia kitabu cha dispachi, ili anayepokea atie sahihi. Akisema hana usafiri wala mtu wa kutuma, mwombeni aiandike hiyo barua na ninyi mwandamane nayo. Kituoni msiishie kaunta. Ombeni kumwona mkuu wa kituo, au afisa wa Dawati. Zamu hubadilika, aliyepo leo mchana hatakuwepo usiku mtakapopiga simu. Ombeni taarifa iandikwe kwenye kitabu cha kituo, mpewe namba ya kumbukumbu, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, jina na cheo cha aliyepokea. Nakala hiyo yenye mihuri miwili, wa mahakama na wa polisi, ndiyo mdogo wako atakayotembea nayo. Siku ya dharura hataulizwa tena kama amri ni ya kweli, kwa sababu muhuri wa kituo chenyewe upo juu yake. Ombeni pia namba ya simu ya kituo na ya polisi kata wenu, mbali na ile 112 ya dharura. Piga picha ya nakala uihifadhi kwenye simu yako wewe, kwa kuwa simu ya mdogo wako huenda mumewe anajua kuifungua.

Kituo kikiendelea kukataa baada ya hapo, nendeni kwa mkuu wa polisi wa wilaya, yaani OCD, na barua fupi inayotaja tarehe mlizokwenda, namba ya kumbukumbu na majina ya mliowakuta. Barua iliyopokelewa kwa muhuri huwa inasogeza mambo kuliko kelele. Juu yake kuna kamanda wa mkoa pale Mtwara.

Na karani naye msimwache hivihivi. Kuvunja amri ya mahakama ni suala la mahakama pia. Mdogo wako aape kiapo kueleza kilichotokea usiku ule, na mahakama iliyotoa amri inaweza kumwita mume ajieleze na kumwadhibu. Kukaidi amri halali ya mahakama ni kosa pia chini ya Kanuni ya Adhabu, lenye kifungo cha hadi miaka 2. Njia hizi mbili, ya polisi na ya mahakama, zinakwenda pamoja. Mtu asiwaambie mchague moja.

Kuna upande mwingine wa kupeleka amri kwa watu ambao siusikii ukizungumzwa. Kila nakala inayotoka ina habari za mdogo wako: jina, kijiji, yaliyompata, pengine na mahali anapolala sasa. Hakikisha nyumba yako haitajwi kwa maelezo ya kumwongoza mtu hadi mlangoni. Kama mwanamke amejificha mahali ambapo mume hapajui, mahali hapo pasiandikwe kabisa kwenye nakala atakayokabidhiwa mume. Anwani wapewe polisi pembeni. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wanaweza kuwa msaada wa kwanza kabla gari la polisi halijafika, na mara nyingi ninashauri wapewe nakala. Lakini ulizeni kwanza wao ni nani kwa yule bwana. Kwenye vijiji vyetu mtendaji anaweza kuwa shemeji yake, na mwenyekiti mjomba wake. Mkiona hivyo, ishieni kwa polisi. Na tafadhali sana, amri isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la kijiji, hata kwa nia ya kumwaibisha mume. Taarifa binafsi zina sheria yake tangu mwaka 2022, na zaidi ya sheria, ujumbe ule utamfikia mume ndani ya dakika, pamoja na maoni ya kila mtu.

Hapo hapo niwaguse wajomba na wazee, ambao najua wana neno kubwa kwenye familia za Kimakonde, na mara nyingi neno lao linamlinda mwanamke kuliko mtu wa mbali anavyodhani. Wanaweza kuketi, kuonya, hata kupatanisha. Kitu wasichoweza ni kuifuta amri. Kama wawili hawa watapatana na kurudiana, waende mahakamani waombe iondolewe, na taarifa ya kuondolewa ifike kituo kilekile kilichopokea amri ya kwanza. Wengi hawafanyi hivyo. Matokeo yake polisi wanabaki na karatasi inayosema mtu haruhusiwi kuwa nyumbani kwake, au wanajizoesha kuamini kwamba amri hizi zote ni za wanandoa walioshapatana, na mwanamke anayekuja baadaye na amri iliyo hai ndiye anayelipia.

Msomaji ambaye hakufunga ndoa rasmi naye asikate tamaa. Waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawapa dhana ya ndoa, na wanaweza kufika mahakamani kwa mlango huo. Kwa mchumba au mpenzi aliyeachwa ambaye anatishia, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina utaratibu wa mtu kuletwa mbele ya hakimu na kutakiwa aweke ahadi ya maandishi ya kutunza amani. Hautumiki sana, nami nashangaa kwa nini. Kwa yote haya msaada wa kisheria bila malipo upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itawaelekeza walipo. Mmoja wao akiandamana nanyi kituoni, mtaona mapokezi yanavyobadilika.

Nimalizie na Newala. Hahitaji amri nyingine. Amri ya mahakama inamfunga mume popote alipo Tanzania Bara, awe Tandahimba, Newala, Masasi au Nachingwea. Anayezuiwa ni mtu, si kijiji. Ila polisi wa Newala hawataijua kwa miujiza. Siku ya kwanza au ya pili akifika, aende na nakala yenye mihuri miwili kwenye kituo kilicho karibu na kwa mama mkubwa, aombe nayo ipokelewe, iandikwe, igongwe muhuri. Kama amri ilifafanuliwa kwa maneno niliyoandika hapo juu, neno "popote alipo" litakuwa limeshamjibia nusu ya maswali. Akitumiwa ujumbe wa vitisho akiwa huko asiufute, hata kama unamuumiza kuusoma. Awaonyeshe wa Dawati jinsi ulivyo, wenye namba na saa. Na tarehe ya shauri Tandahimba asiikose kwa sababu ya msimu. Mwombaji asipotokea, shauri linaweza kufutwa, na amri ya muda huondoka na shauri lake. Kama nauli au usalama wa njiani ni tatizo, amwandikie hakimu mapema, kabla ya siku yenyewe.